Nyaraka za serikali za Amerika ya Kilatini, ukiwa Moshi: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Mji huu una mnada wa kahawa, una Bodi ya Kahawa, una chuo kikuu cha ushirika, na una wazee wa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, wanaokumbuka bei za miaka ya sabini kuliko siku za kuzaliwa za wajukuu wao. Kwa hiyo si ajabu kila mwaka kukutana na wanafunzi wanaotaka kulinganisha Kilimanjaro na Brazil, Colombia au Costa Rica. Hapa chini ni maswali wanayoniuliza, baadhi kwa maneno yao wenyewe. Nimeandika kwa mfano wa kahawa kwa sababu ndicho ninachokijua, lakini njia ni ileile kwa anayetafiti ardhi, reli au elimu.

Dada, nimeandika "kahawa Brazil serikali" kwenye Google, nimeletewa hoteli na mashine za kahawa. Nianzie wapi?

Anza na ofisi, hati itafuata. Hati ya serikali haishuki na mvua. Kuna karani aliyeiandika kwa sababu bosi wake alitakiwa kupeleka hesabu mahali. Ukijua ni ofisi ipi ilikuwa na kahawa mkononi mwaka unaoutafiti, na ilikuwa inaitwaje, hapo una kitu cha kutafuta.

Brazil ni mfano mzuri kwa sababu ofisi zake zimebadilika kama nguo. Mwaka 1931 liliundwa baraza la taifa la kahawa, na mwaka 1933 nafasi yake ikachukuliwa na Departamento Nacional do Café. Hao ndio waliosimamia uchomaji wa kahawa ili kunyanyua bei: kati ya 1931 na 1944 Brazil ilichoma magunia yapatayo milioni 78. Idara hiyo ilifutwa 1946, na kazi zake zikaangukia Wizara ya Fedha. Mwaka 1952 ikazaliwa Instituto Brasileiro do Café, IBC kwa kifupi, nayo ikafutwa 1990. Leo makadirio ya mavuno hutolewa na Conab, shirika la serikali la ugavi wa mazao, takwimu za jumla na IBGE, taasisi ya taifa ya takwimu, na mfuko wa kahawa, Funcafé, uko chini ya wizara ya kilimo.

Alinijia kijana aliyekuwa ametafuta ripoti ya IBC ya mwaka 1948 kwa wiki tatu. Hakuwa mvivu. Alikuwa anatafuta barua ya mtu ambaye hajazaliwa.

Na kama natafiti kipindi cha kabla ya hapo, tuseme 1890 hadi 1930?

Hapo uliza swali moja: nani alikuwa anakusanya ushuru? Katiba ya Brazil ya 1891 iliwapa majimbo ushuru wa mauzo ya nje. Maana yake São Paulo na Minas Gerais ndiyo waliokuwa na hamu ya kuhesabu kila gunia, kuliko serikali kuu iliyokuwa Rio. Mkataba wa Taubaté wa Februari 1906, ule wa kununua kahawa ya ziada na kuifungia maghalani, ulitiwa saini na majimbo matatu: São Paulo, Minas Gerais na Rio de Janeiro. Ukitafuta kwenye ripoti za mawaziri wa serikali kuu peke yake utadhani jambo lile lilikuwa dogo.

Bahati nzuri, nyingi ya nyaraka hizi zimeshapigwa picha. Kituo cha Center for Research Libraries cha Chicago kimeweka mtandaoni, bure, ripoti za marais wa majimbo kuanzia 1830 hadi 1930, ripoti za wizara kuanzia 1821 hadi 1960, na hotuba za marais wa jamhuri kuanzia 1889. Maktaba ya Taifa ya Brazil nayo ina hazina ya magazeti ya zamani, Hemeroteca Digital, ambayo ndani yake mna pia baadhi ya ripoti za serikali. Magazeti yatakusaidia kujua tarehe: mwandishi anasema "jana waziri amewasilisha ripoti", nawe unakwenda kuitafuta ripoti yenyewe.

Nimetafuta "Comércio" kwenye ripoti za zamani, hakuna kitu. Mtandao umeharibika?

Mtandao ni mzima. Tahajia ndiyo iliyohama. Kabla ya marekebisho ya karne ya ishirini Wareno na Wabrazil waliandika "Commercio" kwa m mbili, "Relatorio" na "Estatistica" bila alama juu ya herufi, na hotuba ya rais wa jimbo iliitwa "Falla" kwa l mbili. Tafuta kwa tahajia zote mbili. Halafu ujue kwamba kompyuta iliyosoma karatasi zile za zamani nayo hukosea: herufi ndefu inakuwa namba, wino uliofifia unakuwa nukta. Neno likikataa, acha kutafuta kwa neno. Fungua faharasa ya ripoti, nenda kwenye sura ya kilimo, funua ukurasa mmoja mmoja kama watu wa zamani.

Sijui Kireno wala Kihispania. Nibadilishe mada?

Usibadilishe bado. Lugha ya ripoti za serikali ni finyu mno, maneno yaleyale hurudi kila mwaka. Jifunze kama arobaini hivi na utaweza kuipitia ripoti na kujua ukurasa upi unastahili kutafsiriwa vizuri. Kwa Kireno: lei ni sheria, decreto ni amri ya serikali, portaria ni agizo la waziri, safra ni msimu wa mavuno, lavoura ni kilimo, saca ni gunia, imposto ni kodi. Kwa Kihispania: ley, decreto, cosecha, saco, impuesto. Ripoti ya mwaka ya waziri Brazil ni Relatório, Colombia ni Memoria. Ukijua hilo peke yake umeokoa siku nyingi, maana anayeandika "report" kwa Kiingereza anapata vitu vya Benki ya Dunia tu.

Programu za kutafsiri zinafaa kukupa picha, lakini jedwali usilikabidhi kwa programu. Na kifungu utakachokijengea hoja, mpe mtu anayeijua lugha akisome. Kireno kinazungumzwa Msumbiji, jirani zetu hapa, na mtu aliyesoma Maputo si vigumu kumpata.

Jambo jingine dogo: bana utafutaji wako kwenye tovuti za serikali. Anwani za Brazil huishia na gov.br, za Colombia gov.co, za Costa Rica go.cr, za Guatemala gob.gt, za Mexico gob.mx. Andika neno lako, kisha "site:gov.br", kisha "filetype:pdf". Yale mahoteli yatakimbia yenyewe.

Federación Nacional de Cafeteros ya Colombia ni serikali au ni chama cha wakulima kama KNCU?

Swali zuri, na msimamizi wako atakuuliza pia. Ni shirika la wakulima, lilianzishwa 1927, miaka miwili baada ya wakulima wa huku kuanzisha KNPA, chama kilichoitangulia KNCU, na miaka sita kabla ya KNCU yenyewe. Lakini tangu 1940 linaendesha Fondo Nacional del Café, mfuko wa fedha za umma zinazotokana na makato ya kahawa inayouzwa nje, kwa mkataba na serikali. Kwa hiyo nyaraka zake ziko pande mbili. Ripoti za mikutano yao ni za shirika. Ukaguzi wa mfuko hufanywa na Contraloría General de la República, na hizo ni hati za serikali kabisa. Sheria na amri zinachapishwa kwenye Diario Oficial, gazeti la serikali linalotoka tangu 1864.

Mimi nakushauri usome vyote viwili juu ya mwaka mmoja. Shirika litakuambia lilichofanya, mkaguzi atakuambia kilichogharimu.

Costa Rica je?

Rahisi kuliko wote. Ofisi ni moja, ICAFE, taasisi yao ya kahawa, yenye mizizi tangu 1933. Sheria kuu ni Namba 2762 ya mwaka 1961, inayopanga uhusiano kati ya mkulima, mwenye kinu na msafirishaji. Gazeti la serikali ni La Gaceta. Kwa mtu wa ushirika sheria hiyo ni tamu kuisoma, kwa sababu inagusa lile jambo tunalogombania kila msimu: nani anakatwa nini kabla fedha hazijamfikia mkulima.

Takwimu zangu zinaonyesha mkulima wa Colombia analipwa karibu mara mbili ya bei ya mnada wetu. Ni kweli?

Polepole. Kosa hili nimelifanya mwenyewe, tena mbele ya watu.

Nilikuwa naandaa ubao wa maonyesho kwa ajili ya kikao cha vyama vya msingi. Nikachukua bei ya ndani ya Colombia kwenye ripoti yao, nikaigeuza kuwa dola, nikaiweka kando ya bei ya mnada wa Moshi. Tofauti ilikuwa ya kutisha. Mzee mmoja aliyekaa mstari wa nyuma, kofia magotini, akanyoosha mkono: "Hiyo ni kwa kilo ngapi, mwanangu? Na ni kahawa ya namna gani?" Sikuwa na jibu. Nilikunja ule ubao nikaahidi kurudi.

Nilichokuta ni hiki. Bei ya mnada wa Moshi inatajwa kwa dola kwa kila kilo 50 za kahawa safi, iliyokwisha kukobolewa. Bei ya ndani ya Colombia inatajwa kwa "carga", ambayo ni kilo 125, tena za kahawa iliyokaushwa ikiwa bado na lile ganda lake jembamba, wao wanaiita pergamino seco. Kipimo chao cha kawaida kinasema kilo 94 za kahawa hiyo zinatoa gunia la kilo 70 za kahawa safi ya kusafirishwa. Sasa piga: 125 gawanya kwa 94, zidisha kwa 70, unapata kama kilo 93. Kilo 93 dhidi ya kilo 50. Ile "mara mbili" yangu karibu yote ilikuwa uzito tu. Halafu bado kuna jambo la pili: bei yao ni ya mlangoni kwa mnunuzi, yetu ni ya mnadani, kabla ya makato.

Brazil wanahesabu kwa gunia la kilo 60, na Shirika la Kimataifa la Kahawa la London nalo hutumia gunia hilohilo. Ripoti za zamani za Brazil hutumia arroba, karibu kilo 15. Lakini arroba ya Colombia ni kilo 12.5! Jina moja, nchi mbili, uzito mbalimbali. Guatemala utakutana na quintal ya kilo 46. Costa Rica wana fanega, nayo ni kipimo cha ujazo cha matunda mabichi, lita 400. Ukiweka hizi zote kwenye safu moja ya Excel bila kugeuza, umepika makande na kokoto.

Na mwaka wenyewe haufanani. Mwaka wa kahawa wa Shirika la Kimataifa unaanza Oktoba. Wizara ya kilimo ya Marekani inahesabu mwaka wa Brazil kuanzia Julai hadi Juni. Conab inatumia mwaka wa kalenda. Tena mibuni ya arabika ya Brazil huzaa sana mwaka huu ikapumzika mwaka ujao, kwa hiyo ukilinganisha mwaka mmoja na mmoja unaweza kuthibitisha chochote unachotaka.

Nimeona namba imeandikwa 1:234$500. Ni nini hii?

Ni fedha ya zamani ya Brazil. Soma hivi: konto moja, mil-réis 234, na réis 500. Konto ni mil-réis elfu moja, yaani réis milioni moja. Mfumo huo ulitumika hadi 1942 ilipoingia cruzeiro. Baada ya hapo sarafu ilibadilishwa tena na tena, 1967, 1986, 1989, 1990 na 1993, mpaka ikaja real mwaka 1994. Jedwali la bei linalovuka miaka hiyo bila maelezo ya sarafu, liache. Na kumbuka kwao nukta hutenga maelfu na mkato hutenga desimali, kinyume chetu: 1.250 ni elfu moja mia mbili hamsini.

Kuna hati za Kiingereza kuhusu nchi hizi?

Zipo nyingi, na wengi wanazisahau. Balozi za Marekani katika nchi zinazolima kahawa huandika ripoti za kila mwaka juu ya zao hilo kwa ajili ya wizara yao ya kilimo, na zinawekwa wazi bure. Zina mavuno, bei, mbolea, siasa za ndani, na mara nyingi jina la ofisi ya nchi husika iliyotoa takwimu. Hapo unapata ile ofisi niliyokuambia uanze nayo.

Kwa historia, Idara ya Taifa ya Nyaraka ya Marekani imeweka mtandaoni telegramu za wizara ya mambo ya nje za kuanzia 1973 hadi 1979. Hiki ni kipindi kitamu kwa mtu wa Moshi. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Julai 1975 jalidi iliunguza mibuni ya jimbo la Paraná, bei ya dunia ikapaa mwaka 1976 na 1977, na wazee wa Kibosho na Machame bado wanasimulia fedha za miaka ile. Unaweza kusoma maofisa wa ubalozi walivyokuwa wanahesabu hasara.

Waingereza wana majalada yao kwenye hifadhi ya taifa ya nyaraka iliyoko Kew, London. Mengi hayajawekwa mtandaoni, ila orodha yake unaweza kuipekua ukiwa nyumbani na kuandika namba za majalada unayoyataka. Yupo mtu anayekwenda London? Mpe namba na umwombe akupigie picha, wanaruhusu kamera.

Usiyasahau mashirika ya kimataifa. CEPAL, tume ya uchumi ya Umoja wa Mataifa iliyoko Santiago tangu 1948, huweka machapisho yake wazi, na pamoja na FAO walifanya uchunguzi mzito wa uzalishaji wa kahawa Colombia, El Salvador na São Paulo mwishoni mwa miaka ya hamsini. Kwa mambo ya mgao wa mauzo, ulioanzia kwenye mkataba wa 1962 na kuvunjika Julai 1989, nenda kwenye hati za Shirika la Kimataifa la Kahawa. Tanzania nayo ni mwanachama, kwa hiyo utakutana na sauti yetu humo humo.

Kwa nini Conab na Wamarekani wanatofautiana juu ya mavuno ya Brazil? Nani mkweli?

Makadirio ya Wamarekani kwa kawaida huwa juu ya yale ya Conab. Sitakuambia nani mkweli. Nitakuambia uangalie nani anahesabu, lini, na nani anafaidika namba ikiwa ndogo. Nchi yenye kahawa nyingi ikitangaza mavuno kidogo, bei haishuki. Mnunuzi naye hupenda kusikia mavuno ni mengi. Andika zote mbili kwenye tasnifu yako, taja chanzo, eleza tofauti. Mtahini hachukii namba mbili, anachukia moja isiyo na mwenyewe.

Naweza kuiandikia serikali ya Brazil nikaomba hati, mimi Mtanzania?

Sheria yao ya kupata taarifa, Namba 12.527 ya 2011, inasema mtu yeyote mwenye haja anaweza kuomba, na ni marufuku kumdai aeleze sababu. Muda wa kujibu ni siku 20, unaoweza kuongezwa kwa 10. Colombia wana sheria yao ya 2014, Namba 1712. Ya Marekani, ya tangu 1966, nayo haibagui uraia.

Ila andika ombi kama unayemwagiza mtoto dukani. Ukisema "naomba taarifa zote za kahawa" utajibiwa uende kwenye tovuti. Sema ofisi, aina ya hati, mwaka, na jimbo. Ombi langu la kwanza, kwa ofisi ambayo sitaitaja, lilikuwa na kurasa mbili za salamu na maelezo ya utafiti. Likarudi na mstari mmoja. La pili lilikuwa na sentensi tatu, nikapata mafaili manne.

Ukurasa niliousoma mwezi uliopita umetoweka.

Kama ni Brazil na ni mwaka wa uchaguzi, tulia. Kwa miezi mitatu kabla ya kura ya Oktoba sheria inazuia serikali kujitangaza, na ofisi nyingi huficha habari na hata kurasa nzima. Mara nyingi zinarudi baadaye. Vinginevyo bandika anwani kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, uone kama nakala ya zamani ipo.

Dawa ya kudumu ni kupakua siku hiyohiyo uliyoiona. Ndiyo, najua bando. Ripoti iliyopigwa picha inaweza kuwa mamia ya megabaiti, kwa hiyo pakua usiku, au nenda chuoni asubuhi kabla foleni ya mtandao haijaanza. Lipe faili jina linaloeleweka: nchi, ofisi, mwaka, aina. "Document(14)" haitakusaidia mwezi Juni ukiwa unaandika sura ya nne huku umeme umekatika.

Nizitaje vipi kwenye tasnifu?

Sheria: namba, tarehe kamili, kifungu, na toleo la gazeti la serikali. Ripoti: jina la ofisi kwa lugha yake mwenyewe, mwaka ripoti inaozungumzia na mwaka ilipochapishwa, kwa sababu ripoti ya mwaka 1935 inaweza kuchapishwa 1937. Ukurasa wa karatasi, si ukurasa wa PDF. Hiyo ya mwisho inawaponza wengi: faili linahesabu na jalada, hivyo ukurasa wa 40 kwenye skrini ni wa 32 kwenye kitabu, na atakayekufuata atakuta mambo ya mifugo.